Kiti cha Mtoto wa Njiani Mezani pa Noeli

Noeli inakaribia, ndugu wasomaji, na katika nyumba zetu hesabu zimekwisha anza. Mama anahesabu vikombe vya mchele. Baba anahesabu nguo mpya atakazowanunulia watoto, kwa maana kwetu mtoto asiyevaa nguo mpya siku ya Noeli hujiona kama kwamba sikukuu imempita kando. Wanakwaya wanarudia nyimbo zao kila jioni, na vijana wa parokia wanatafuta majani na karatasi za rangi za kupambia pango. Furaha hiyo ni njema, wala hatukusudii kuipunguza. Twawaomba jambo moja tu: katika hesabu hizo za nyumbani, ongezeni kiti kimoja.

Kiti hicho ni cha nani? Ili tupate kujibu vema, natuutazame mji mmoja ambao watoto wake wameonja taabu nyingi kuliko umri wao, yaani mji wa Goma, katika Kivu ya Kaskazini.

WATOTO WANAOITWA MAIBOBO

Goma umekaa kwenye ukingo wa kaskazini wa Ziwa Kivu, chini ya mlima wa moto Nyiragongo, bega kwa bega na Gisenyi ya Rwanda. Ardhi yake ni mawe meusi yaliyotoka tumboni mwa mlima. Mji uko juu sana kupita usawa wa bahari, yapata mita 1,500, na kwa sababu hiyo usiku wake una baridi, hasa wakati wa mvua. Katika baridi hiyo wako watoto wanaolala nje, chini ya vibaraza vya maduka na kando ya vibanda vya soko. Watu wa mji huwaita maibobo.

Utawakuta Birere, karibu na mpaka, mahali penye maduka mengi na msongamano wa watu. Utawakuta katika soko la Virunga, na huko Kituku, ambako mitumbwi na mashua hushusha mizigo. Wengine huchukua mizigo ya akina mama, wengine husaidia kusukuma zile baiskeli za mbao ziitwazo chukudu zikipanda mlima, wengine huokota chupa na vyuma vikuukuu wapate kuviuza. Wako wanaovuta gundi ili wasisikie njaa wala baridi. Mtu akipita, mtoto hunyosha mkono: “Papa, unisaidie mia tano.” Wengi wetu hupita upesi huku tumeshika mifuko yetu.

Lakini tujiulize: mtoto huyu ametoka wapi? Hakuna mtoto aliyezaliwa na soko. Wako waliofiwa na wazazi katika vita ambavyo vimeisumbua nchi hii, kwa vipindi, tangu miaka ya 1990. Wako waliofukuzwa nyumbani baada ya baba au mama kuoa au kuolewa tena. Wako waliosingiziwa uchawi na jamaa zao wenyewe kwa sababu ya ugonjwa au kifo kilichotokea nyumbani, jambo ambalo ni dhambi kubwa na aibu kwetu sote. Wako pia waliotoroka njaa tu. Tena wako waliopotezana na wazazi wao katika saa moja ya hofu.

Saa za namna hiyo Goma umeziona mara nyingi. Mwezi wa Januari 2002 uji wa moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji na kuteketeza nyumba nyingi, hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima ulifunguka tena, na watu wakakimbia gizani, wengine kuelekea Sake, wengine kuvuka mpaka. Shirika la UNICEF lilitangaza mara baada ya hapo kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na jamaa zao. Mwishoni mwa Januari 2025 mji ulitekwa na wapiganaji wa M23, na kabla na baada ya siku hizo watu wasiohesabika walihama kutoka kambi moja hadi nyingine, wamebeba magodoro vichwani na watoto migongoni. Katika misafara kama hiyo, mkono wa mtoto huponyoka kwa urahisi.

Basi yule anayenyosha mkono sokoni si mwizi aliyezaliwa mwizi. Ni mtoto wa mtu, na huenda mama yake bado anamtafuta.

KIJANA ALIYEWAANDALIA MEZA

Sasa twataka kuwaeleza habari za kijana mmoja wa mji huo huo, maana mfano hufundisha kuliko maneno. Jina lake ni Floribert Bwana Chui. Alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981, akasoma sheria katika chuo kikuu cha huko. Angali mwanafunzi, aliingia katika Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, ambayo ilianzishwa Roma mwaka 1968 na Andrea Riccardi, siku hizo mwanafunzi wa sekondari tu. Wanajumuiya hao hushika mambo matatu: sala, maskini na amani.

Katika miji mingi jumuiya hiyo ina kazi iitwayo Shule ya Amani. Vijana hukutana na watoto maskini, huwasaidia masomo, hucheza nao na kula nao, na kuwafundisha kuishi pasipo chuki. Floribert aliifanya kazi hiyo kwa maibobo wa Goma. Hakuwafuata kama askari anayefukuza, wala kama tajiri anayetupa sarafu. Aliwaendea kama kaka. Alijua majina yao, na alisaidia hata kuwarudisha shuleni.

Baada ya masomo alipata kazi katika Office Congolais de Contrôle, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Kazi yake mjini Goma ilihusu bidhaa zilizoharibika. Ilikuwa kazi ya heshima, na kijana alikuwa na mchumba na matumaini mengi. Ndipo ilipofika shehena ya mchele uliooza, usiofaa kuliwa na watu. Wenye mali walitaka mchele huo upite mpakani, uuzwe sokoni. Walimpa Floribert ahadi ya fedha ili afumbe macho. Akakataa. Wakaongeza. Akakataa tena.

Hapa natuangalie vizuri, ndugu wasomaji. Mchele uliooza ungeliwa na nani? Matajiri hawanunui mchele wa bei ya kutupa. Ungenunuliwa na mama mwenye watoto saba na fedha kidogo. Mabaki yake yangeliwa na wale wale maibobo. Floribert aliwajua walaji kwa majina. Angewezaje kuwapakulia chakula siku ya mapumziko, kisha siku ya kazi atie sahihi ya kuwaua?

Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa nyara. Tarehe 9 mwili wake ulionekana, nao ulikuwa na alama za mateso. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Tarehe 2 Februari 2023 Baba Mtakatifu Fransisko aliwasimulia habari zake vijana waliojaa katika uwanja wa Mashahidi mjini Kinshasa. Aliwakumbusha kwamba kijana huyo angaliweza kunyamaza, wala hakuna ambaye angalijua, tena angalipata faida. Tarehe 15 Juni 2025, mjini Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Floribert alitangazwa kuwa Mwenye Heri na shahidi. Mtoto wa Goma sasa anaheshimiwa altareni.

Twamleta kwenu wakati huu wa Noeli kwa sababu moja. Mikono yake miwili ilifanya kazi moja. Mkono mmoja ulimpa mtoto maskini chakula kizuri. Mkono wa pili ulizuia chakula kibaya kisimfikie. Wengi wetu tunao ule wa kwanza, mara moja kwa mwaka. Ni wachache walio na ule wa pili.

MEZA YA NOELI ILIVYOANZA

Jumuiya hiyo ya Mtakatifu Egidio ina desturi ambayo yafaa kujulikana. Siku ya Noeli ya mwaka 1982 waliweka meza ndani ya Basilika ya Mtakatifu Maria huko Trastevere, mjini Roma, wakawaalika maskini wapatao ishirini kula chakula cha sikukuu. Walikuwamo wazee wasio na mtu wa kula naye, na watu waliolala barabarani. Wageni hawakupangwa mstari wapewe sahani mlangoni. Waliketi, wakahudumiwa, wakala pamoja na waliowaalika. Tangu mwaka ule meza hiyo imeenea katika nchi nyingi za dunia, na katika Afrika pia watoto wa njiani na wafungwa huandaliwa karamu ya namna hiyo.

Twapenda mtambue siri ya desturi hii. Mtoto aliyezoea kula amechutama, akitazama nyuma asije mkubwa akamnyang’anya, siku hiyo anakaa kitini. Mbele yake kuna sahani isiyo na ufa. Mtu anamwuliza jina lake, kisha anamwuliza kama ataongezewa wali. Pengine ni mara ya kwanza kwa muda mrefu kuulizwa swali badala ya kupewa amri. Njaa yake itarudi kesho, ni kweli. Lakini amekwisha kujua kwamba yeye ni mtu aalikwaye, na mtoto anayejua hivyo ni rahisi zaidi kumrudisha nyumbani.

NYUMBA ZINAZOWALEA MWAKA MZIMA

Hata hivyo, karamu ya siku moja haitoshi. Wako wanaofanya kazi hii siku zote, nao ndio tunaopaswa kuwashika mkono.

Katika mtaa wa Ngangi wako Mapadre na Mabruda Wasalesiani wa Don Bosco. Kituo chao huwapokea yatima, watoto waliotoka njiani na wale walioachwa. Huko watoto husoma, na wakubwa hujifunza kazi za mikono kama useremala, uashi na ushonaji. Wakati wa taabu, malango yake hufunguka zaidi. Vita vilipofika mjini mwezi wa Novemba 2012, na tena katika taabu za mwaka 2025, maelfu ya wakimbizi walilala katika viwanja na madarasa yake.

Liko pia shirika la wenyeji liitwalo CAJED, ambalo kwa miaka mingi limepokea watoto waliotoka katika vikosi vya wenye silaha. Mtoto aliyebebeshwa bunduki akiwa na miaka kumi na mitatu anahitaji kufundishwa upya mambo madogo kabisa: kulala bila hofu, kucheza mpira bila kupigana, kumwita mtu mzima “mama”.

Kazi ya nyumba za namna hii haionekani upesi, kwa hiyo yafaa tuieleze. Kwanza, mlezi huwaendea watoto huko huko waliko, jioni baada ya jioni, mpaka wamwamini. Pili, mtoto hupokewa, huoga, hutibiwa vidonda vyake, hupewa chakula na mahali pa kulala. Tatu, na hii ndiyo kazi kubwa, hutafutwa jamaa zake. Mlezi hufunga safari hadi kijiji cha mbali, huuliza kwa machifu na kwa mapadre wa parokia, hupatanisha shangazi na kaka, baba na mwana. Asipopatikana ndugu, hutafutwa familia njema ya kumlea. Mwisho, mtoto akisharudi, mlezi humtembelea asije akarudi njiani. Maana nyumba ya kulelea, hata ikiwa nzuri namna gani, ni kama kivuko: twapita hapo, lakini kwetu ni ng’ambo.

Kazi hiyo yote yataka fedha, wakati na uvumilivu. Serikali ya Kongo ilitangaza mwaka 2019 kwamba elimu ya msingi katika shule zake ni bure. Lakini daftari, kalamu, sare na viatu bado hununuliwa. Tena mji ulipotekwa mwaka 2025, benki zilifunga milango yake, na kazi zikawa chache. Hapo sadaka ndogo ya jirani ikawa na thamani kuliko ahadi kubwa ya mtu wa mbali.

JINSI YA KUTOA

Wahenga walisema: kutoa ni moyo, si utajiri. Lakini hata moyo wahitaji akili. Twawapa basi mashauri machache.

La kwanza: toa kitu chema. Kabla hujapeleka mfuko wa maharage katika nyumba ya watoto, fungua uone. Je, wewe ungeyapika? Shati lililochanika mgongoni, viatu vya mguu mmoja, unga wenye funza, dawa iliyopita tarehe yake: hivyo si sadaka, ni takataka tunayowatwika wengine waitupe. Mkumbukeni Mwenye Heri Floribert na ule mchele. Yeye alitoa uhai wake ili chakula kibovu kisiwafikie maskini. Sisi tusikipeleke kwa mikono yetu na kukifunga kwa utepe wa Noeli. Kilo mbili za mchele safi, sabuni, mafuta, blanketi nzima, daftari jipya: hivyo hupokewa kwa furaha.

La pili: uliza. Si ukosefu wa heshima kuuliza sadaka yako inakwenda wapi. Wenye kazi ya kweli hufurahi kukuonyesha mahali watoto wanapolala, jiko lao na daftari la mapato na matumizi. Anayekasirika kwa swali hilo, umwogope. Ikiwa hujui pa kuanzia, mwulize paroko wako au walezi wa Caritas parokiani.

La tatu: usimtangaze mtoto. Siku hizi watu wengi wana simu zenye kupiga picha, na wengine hutoa mkate mmoja na kupiga picha ishirini. Mtoto huyo kesho atakuwa mtu mzima. Je, atapenda wajukuu wake wamwone akiwa amevaa matambara, amenyosha mkono kwa mtu anayetabasamu? Bwana wetu alitufundisha kutoa bila kupiga baragumu.

La nne: usiishie Noeli. Mwezi wa Desemba nyumba za watoto hupata biskuti nyingi. Mwezi wa Februari hukosa chumvi. Familia kumi zikikubaliana, kila moja ikatoa kidogo kila mwezi, mtoto mmoja atasoma mwaka mzima. Haba na haba hujaza kibaba.

La tano, nalo ni gumu kuliko yote: tuangalie nyumba zetu wenyewe. Watoto wengine wa njiani wametoka katika koo zetu. Yuko mpwa aliyeachiwa bibi mzee. Yuko mtoto wa mke wa kwanza ambaye hula mwisho, peke yake, jikoni. Hatuwezi kupeleka zawadi Ngangi na huku tunatengeneza maibobo mwingine nyumbani. Na tukisikia mtoto anasingiziwa uchawi, tusinyamaze. Twende kwa mzee, kwa katekista, kwa paroko, mtoto huyo asije akafukuzwa usiku.

KWENU WANAFUNZI

Ninyi vijana wa shule, msiseme kwamba hamna kitu. Floribert alianza kazi yake angali mwanafunzi kama ninyi, na Riccardi alikuwa bado shuleni. Mnajua kusoma: basi mfundisheni asiyejua. Mnajua mpira: basi mwiteni kiwanjani yule anayetazama kando ya ukuta. Wala msilitumie lile jina la maibobo kama tusi. Mwulizeni jina lake la kweli, kisha mwiteni kwa jina hilo. Zawadi hii haigharimu hata faranga moja, lakini ni wachache waliopata kumpa.

SIKU TATU BAADA YA NOELI

Tarehe 25 Desemba twamsujudia Mtoto aliyezaliwa mahali pa wanyama kwa sababu wazazi wake walikosa nafasi penye wageni. Siku tatu baadaye, tarehe 28, Kanisa lawakumbuka Watoto Mashahidi, wale waliouawa na askari wa Herode, wakati Mtoto Yesu mwenyewe alipokuwa mkimbizi, amebebwa usiku kuelekea Misri. Watu wa Goma hawahitaji kufafanuliwa habari hizo. Wamekwisha kuwaona akina Yosefu na Maria wengi katika barabara ya Sake.

Basi jioni ya mkesha wa Noeli, kabla hamjaenda misani, hesabuni viti. Mwenye uwezo wa kumwalika mtoto kwa njia ya parokia au ya walezi wake, amwalike. Asiyeweza, apime kikombe kimoja cha mchele ule ule atakaokula yeye na watoto wake, akifunge vizuri, akipeleke katika nyumba ya watoto iliyo karibu naye. Na tarehe moja ya mwezi wa Januari apime kingine.

Mwenye Heri Floribert, rafiki wa watoto wa Goma, atuombee.